Mndimu, mlimau, mchungwa au mdanzi: ukali wa tunda umo kwenye jeni, kwa hivo chagua mche kwanza

Masika ikikaribia tu swali ni lile lile, mtu ana kiuwanja chake nyuma ya nyumba, Fuoni huko au Tomondo au Chake, nafasi ya mti mmoja au miwili basi, anauliza apande ndimu au limau au chungwa, na mwengine anaongeza kabisa "lakini nataka isiwe kali sana", utadhani ukali unautia mwenyewe kwa mbolea. Mie jibu langu ni kuwa ukali ushaamuliwa kabla mche haujatolewa kwenye mfuko, umo ndani ya jeni za mti, na huku uani wewe kazi yako ni kuupunguza au kuuongeza kidogo tu. Kwa hivo hebu tulinganishe miti yenyewe, na tukilinganisha tuzitizame na hizo jeni mana ndo zinazokwambia utavuna nini miaka mitatu mbele.

Kwanza ukali unatoka wapi, nieleze haraka halafu tuje kwenye miti. Ukipasua ndimu unaona vile vijifuko vidogo vidogo vya maji, ndani yake kuna seli, na kila seli ina chumba kikubwa kinaitwa vakuoli, maji yote karibu unayokamua kwenye samaki yanatoka humo. Asidi ya sitriki inatengenezwa kwengine, kwenye mitokondria, halafu inaenda kuhifadhiwa humo. Sasa kuingiza asidi mahali ambapo tayari pamejaa asidi kunataka nguvu, kama vile maji hayapandi wenyewe kwenye tangi la juu ya dari mpaka uwashe pampu. Na mti una pampu kweli, ni protini, jeni zake zinaitwa PH1 na PH5, zinasukuma protoni, yani zile chembe ndogo mno zinazoleta ukali wa asidi, ziingie ndani ya vakuoli na sitriki ikishaingia inanasa humo haitoki. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam pamoja na wenzao wa Riverside kule California walipima malimau, machungwa na mafurungu ya kila namna, wakakuta yaliyo makali jeni hizi mbili zinafanya kazi kwa nguvu zote, na yale yasiyo na ukali zimelala. Kinachonifurahisha mie ni kwamba watu hawa hawakuanzia kwenye limau hata kidogo, walianzia kwenye maua ya petunia, ile ya bustani, mana asidi ya vakuoli ndo inayobadilisha rangi ya ua, na kumbe mashine ni ile ile.

Juu ya pampu kuna jeni nyengine za kuamrisha, na moja ndo muhimu kwetu sie tunaonunua miche, inaitwa Noemi. Hii ilielezwa mwaka huo huo 2019 na kina Eugenio Butelli na Cathie Martin wa kituo cha utafiti cha John Innes Centre, Uingereza. Noemi inaamrisha mambo mawili kwa wakati mmoja: ukali wa tunda, na ile rangi ya zambarau inayotokea kwenye majani machanga na maua ya mlimau. Ikiharibika, vyote viwili vinaondoka, tunda linapoa na majani machanga yanatoka kijani tupu. Shika hapo, tutarudi.

Ndimu au limau

Huu ndo ubishi wa kila baraza. Wapo watakaokuapia kuwa ndimu ni kali zaidi ya limau, wapo wa upande wa pili, na ukweli kwa vipimo ni kuwa zimekaribiana mno. Lita moja ya maji ya limau ina sitriki kama gramu 48, ya ndimu kama gramu 46, na zote mbili pH yake (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka ukali unapanda) inacheza kwenye 2 na kitu. Chungwa sasa, ili upate picha, ni kama gramu 9 tu kwa lita na pH yake inaanzia 3 na nusu hivi kwenda juu, na kumbuka kwenye pH kila namba moja ni mara kumi, kwa hivo hiyo tofauti si ndogo. Kinachokufanya uione ndimu kali zaidi ni harufu yake, ile harufu ya ganda inapanda puani kabla ulimi haujaonja, na pia watu wanaikamua ndimu nzima kwenye sahani ndogo ya pweza wakati limau wanatia kipande.

Kinasaba hizi ni ndugu wa upande mmoja. Ndimu mama yake ni mti wa porini wa Ufilipino unaitwa Citrus micrantha na baba yake ni utruja, tunda la jamii ya limau lenye ganda nene, ile ile inayotajwa kwenye hadithi ya muumini anaesoma Qur'ani. Limau mama yake ni danzi, baba yake utruja huyo huyo. Yani baba mmoja, na huyo baba ndo kawapa wote wawili ukali wao mwingi pamoja na ganda lenye mafuta. Halafu utruja wenyewe una aina mbili duniani, kuna mkali na kuna usio mkali kabisa, na ule usio mkali maua yake yanatoka meupe tu kwa sababu ya Noemi ile ile.

Sasa kwa uani kwako, mie ningesema hivi. Kama jiko lako ni la samaki wa kukaanga, pweza, supu, urojo, na unataka kitu cha kuchuma leo na kesho, panda mndimu. Mti wake mdogo, unazaa karibu mwaka mzima ukiupa maji, Ramadhani bei ikipanda Mwanakwerekwe wewe unacheka. Shida yake miba, na watoto wanaocheza uani utawasikia. Mlimau unataka nafasi zaidi, mti mkubwa, lakini ganda lake nene ndo zuri kwa achari, na tunda moja linakupa maji mengi kwa mtu anaependa kutengeneza sharubati ya jagi zima. Kwa mimi mndimu unashinda kwa sababu moja ambayo watu hawaitaji kabisa: unafuata mbegu. Ndani ya kokwa moja ya ndimu mara nyingi kuna viini zaidi ya kimoja, na vingi kati ya hivo vimeota kutoka kwenye mwili wa mama peke yake bila ya chavua ya baba, hata hiyo ina jeni yake inayohusika wanaiita CitRKD1. Maana yake kokwa ya ndimu ya jirani unaeipenda ukiiotesha, asilimia kubwa utapata mndimu ule ule wa jirani, ukali ule ule. Unasubiri tu, miaka kadhaa, mana mti wa mbegu unachelewa kuzaa kuliko wa kuunga.

Ile ndimu kubwa isiyo na kokwa, inayouzwa zaidi kwenye mahoteli, ni kitu chengine. Hiyo imetokana na ndimu na limau na ina seti tatu za kromosomu, vile vifurushi vinavyobeba jeni, badala ya mbili, 27 badala ya 18, ndo mana haina kokwa. Huwezi kuiotesha hata ukitaka, lazima ununue mche wa kuunga. Maji yake mengi, harufu yake ndogo. Kwa urojo mie siitaki, kwa juisi sawa.

Limau kali au limau tamu

Hapa ndo watu wanaumia. Mtu kaambiwa kuna limau tamu au ndimu tamu, haina ukali, nzuri, akaingia pesa, miaka ikapita, mti umezaa vizuri tu lakini anaekamua kwenye samaki haoni kitu. Na ukilionja unaambiwa ni tamu lakini utamu wenyewe hauuoni, liko kama maji yenye sukari kidogo. Sababu ni kwamba tunda hili halina sukari zaidi ya mwenzake, limekosa asidi tu. Limau la kawaida sukari yake ni kama gramu 2 na nusu kwa gramu 100 za maji, chungwa linafika 8 au 9, na limau tamu halifikii chungwa hata chembe, wewe ulimi wako unadanganyika kwa sababu hakuna kinachouchoma. Wairani wanazo, wanaziita limu shirin, wanakunywa maji yake pale pale yakishakamuliwa mana ukiyaacha kidogo yanageuka machungu. Hilo nalo ulijue kabla hujapanga kuuza sharubati.

Kwa hivo chaguo lenyewe: limau tamu panda kama kuna mtu nyumbani anaependa kula tunda kwa kumenya, mtoto au mzee asieweza ukali. Kwa jiko, hapana.

Na utajuaje mche ni wa ipi wakati bado mdogo, hauna hata ua? Hapa ndo Noemi inakufaa. Nenda kwa muuza miche asubuhi kuna mwanga, shika ncha ya tawi, tizama yale majani yaliyotoka juzi juzi ambayo bado laini. Mlimau mkali majani yale yana wekundu wa zambarau, ukiyaweka juani unauona kabisa, na kikonyo nacho, halafu jani likikomaa rangi inapotea linakuwa kijani kama mengine, kwa hivo usitizame majani makubwa utapotea. Kama una bahati na mche umetoa vitumba, tizama vitumba, vinatoka na zambarau kwa nje. Ukiona rangi hiyo jua Noemi iko hai na limau litakuwa kali, huna haja ya kumuuliza mtu. Pale Riverside kuna mlimau unaitwa Faris, mti mmoja lakini una matawi ya aina mbili, matawi yenye maua ya zambarau yanazaa malimau makali na matawi yenye maua meupe yanazaa yasiyo makali, mti mmoja, shina moja! Ndo mti uliowasaidia wale watafiti kulinganisha bila ya kuingiliwa na udongo wala hewa.

Lakini kipimo hicho kinakwenda upande mmoja tu, tafadhali. Zambarau maana yake kali, ila kijani haimaanishi tamu. Mchungwa, mchenza, mfurungu, yote majani yake machanga kijani na maua meupe na matunda yake yana asidi, kwa sababu ile rangi inahitaji na jeni nyengine inaitwa Ruby, na miti hiyo Ruby yake haifanyi kazi ingawa Noemi ipo nzima. (Ruby ndo ile inayofanya machungwa ya Sisilia yawe mekundu ndani kama damu, na hata kule haiwaki vizuri mpaka kupige baridi usiku, kwa hivo ukiletewa mche wa chungwa jekundu upande hapa kwetu na joto hili usitegemee damu yoyote.) Kipimo cha majani kitumie kwa mlimau na jamaa zake wa utruja tu.

Chungwa au chenza

Hapa sina maneno mengi kwa sababu ukali si tatizo. Chungwa ni mchanganyiko wa furungu na chenza, na ukali wake uko kati kwa kati. Kinachofanya chungwa moja ulisifie na jengine ulitupe ni uwiano wa sukari na asidi, sukari peke yake haitoshi, mana lile lisilo na asidi kabisa linakuwa dufu. Wamisri wanalo aina ya chungwa wanaliita sukkari, asidi yake karibu haipo, wenyewe wanalipenda, wengine wakilionja wanauliza kama limeoza. Ladha tu.

Kitu cha kujua kwa hapa kwetu ni kwamba joto linakula asidi. Tunda likikaa mtini kwenye joto linatumia ile sitriki yake, kwa hivo mchungwa ule ule ukipandwa Unguja na ukipandwa nchi ya baridi, wa kwetu unapoa mapema zaidi. Na rangi usiifuate, chungwa letu linaiva na bado ni kijani kwa sababu ganda linahitaji usiku wa baridi ili ligeuke, ndo mana muuzaji wa machungwa pale Darajani anakumenyea lile la kijani, ganda linatoka utepe mmoja mrefu, anakata kichwa, anakutilia chumvi na pilipili, na unakuta tamu. Mgeni anasubiri ligeuke njano mpaka linaanza kukauka ndani.

Kangaja na chenza kwa uani ni nzuri kwa watoto, zinamenyeka kwa mkono. Chenza nyingi zinafuata mbegu kama ndimu. Si zote.

Danzi au chungwa

Danzi na chungwa ni ndugu kabisa, wote wametokana na furungu na chenza, ila danzi ni mtoto wa moja kwa moja, furungu mama na chenza baba, na chungwa limezunguka zaidi kabla ya kufika lilipo. Mtu akilionja danzi anasema kali, lakini onja tena taratibu, kuna mambo mawili mule. Kuna ukali, huo ni wa asidi, pampu zile zile. Na kuna uchungu, huo hauhusiani na asidi kabisa, ni jeni nyengine inayotengeneza kimeng'enya kinachounganisha sukari ili vipatikane vitu vya uchungu kama naringini, na jeni hiyo danzi kairithi kwa furungu ikiwa nzima. Chungwa kairithi ikiwa imeharibika, chenza hivo hivo. Ndo mana ukitia sukari kwenye maji ya limau unapata sharubati, ukitia kwenye maji ya danzi uchungu unabaki pale pale unakutizama.

Kwa hivo kupanda danzi kwa kula, hapana labda uwe mtu wa jemu. Kupanda danzi kwa kuungia juu yake miti mengine, hapo sasa kuna hesabu, na nitaifika.

Furungu

Furungu kubwa zuri ukililia sokoni ukaotesha kokwa zake, utapata mfurungu lakini si ule. Kokwa yake ina kiini kimoja tu, cha baba na mama, kwa hivo kila mche ni bahati yake, huu mkali, huu mchungu, huu mzuri kushinda mama. Hapa usihangaike na mbegu, tafuta wa kuunga au wa kuzungushia udongo tawini. Kuna mafurungu ambayo hayana asidi kabisa, na Wamarekani walilizalisha moja la namna hiyo na balungi wakapata tunda linaitwa Oroblanco, walilitoa mwaka 1980, tamu na asidi kidogo. Wenye subira ya kuzalisha wanaweza kwenda njia hiyo. Mie sina subira.

Mbolea, maji na shina la chini

Sasa wale wa "nataka isiwe kali sana". Unachoweza kufanya ni hivi: ukizidisha potasi tunda linaongeza asidi kidogo, ukipata fosforasi ya kutosha inapungua kidogo, mvua nyingi au kumwagia sana kunazimua vyote, sukari na asidi, na ukiacha chungwa mtini linapoa. Yote hayo yanakusogeza hatua moja. Hakuna mbolea itakayofanya limau kali kuwa tamu, na wala usimlaumu mtu wa duka la pembejeo, na yule anaekwambia upigilie msumari kwenye shina au umwagie maji ya sukari, msikilize tu umpe chai aende zake.

Shina la chini lina nguvu zaidi kuliko mbolea. Miti mingi ya kuunga inawekwa juu ya limau la porini lile lenye ganda la mikunjo mikunjo, linastahimili ukame na mti unakua haraka na kuzaa sana, lakini tunda lake linakuwa la maji maji, sukari chini na asidi chini. Kwa mndimu au mlimau hilo halikuumizi, asidi ipo ya kumwaga. Kwa mchungwa utalisikia. Mchungwa juu ya mdanzi unatoa tunda lililokolea, na mdanzi unastahimili udongo wenye chokaa, kwa hivo watu wa maweni, Paje, Jambiani, Makunduchi, ambako majani ya michungwa yanageuka njano kwa kukosa chuma, wangeupenda sana. Tatizo ni virusi vya tristeza vinavyoletwa na vidukari, mchungwa juu ya mdanzi ukipata hivo unaweza kunyauka wote na matunda yake juu. Mlimau juu ya mdanzi haupati mkasa huo.

Kwa hivo mtu wa maweni anaetaka mti mmoja, mie ningemwambia achukue mlimau juu ya mdanzi, majani machanga yenye zambarau. Mtu wa udongo mzuri, Dole huko au Kizimbani au Konde Pemba, anaetaka chungwa la kula, achukue mchungwa juu ya limau la porini akubali utamu upungue kidogo kuliko kupoteza mti. Na yeyote atakaefika kwa muuza miche akamuuliza shina la chini ni la nini na akajibiwa "la kawaida tu", asitoe pesa, aende zake kwa jirani mwenye ndimu nzuri aombe ndimu tatu nne zilizoiva, akaoteshe kokwa.